Mwanga Ndani ya Kioo: Namna Rezo Ilivyofika Bukavu, na Kwa Nini Inakatika

Rezo ikipotea hapa Bukavu, watu hutazama juu. Iwe Kadutu, Bagira, Panzi ama Nguba, mtu anainua simu, anageukia antena iliyo juu ya kilima, kisha anasema: antena imekufa. Mara nyingi antena ni nzima. Kilichokatika kiko chini: uzi wa kioo mwembamba kama unywele, uliofukiwa kando ya barabara, ama kikopo cha chuma chenye ukubwa wa kidole, ambacho kazi yake ni kuwasha na kuzima mwanga ndani ya uzi huo. Mwanga huo ndio unaobeba sauti yako, ujumbe wako wa WhatsApp na pesa unazotumiwa na ndugu aliye mbali.

Kwa familia zilizotawanywa na vita, hilo si jambo la mafundi peke yao. Baba yuko Bukavu, mama na watoto wako Uvira ama wamevuka mpaka kuingia Burundi, kijana mkubwa amebaki Kalehe kuangalia shamba. Kinachowaunganisha ni simu. Ndiyo sababu tunasimulia leo historia ya chombo hiki: mwanga ulifungwaje ndani ya kioo, njia zake zilifunguliwaje kutoka bahari mbili, na kwa nini unazimika. Mwishoni utaona kwamba mwanga wenyewe hukosea mara chache sana. Kinachokosea ni njia tunayoupitisha, na ncha zake mbili.

Wakati wa foni

Wazee wanakumbuka. Katika miaka ya mwisho ya Mobutu, nyaya za shaba za simu ya posta zilikuwa zimekufa sehemu nyingi za nchi. Mwaka wa 1986 Miko Rwayitare alianzisha Telecel, kampuni iliyoleta simu za mkononi za kwanza katika Zaire ya wakati ule. Lakini simu ile ilikuwa ya wakubwa na ya wafanyabiashara. Mtu wa kawaida aliiona kwa macho tu.

Sisi wengine tulikuwa na foni. Nyumba ya foni ilikuwa chumba kidogo chenye redio ya mawimbi mafupi, betri ya gari, na waya uliotandazwa juu ya paa. Ulilipa, mwenye foni akaita Shabunda, Kindu ama Bunia, kisha ukangoja mtu wako atafutwe. Mlisema kwa zamu, mmoja akimaliza ndipo mwingine anajibu. Na kila aliyekuwa na redio kwenye mawimbi yale alisikia habari za nyumba yako. Watu walitangaziwa msiba wa mzazi huku wafanyabiashara wanangoja nyuma yao kuuliza bei ya dhahabu.

Wale ambao foni haikuwafikia walitegemea barua za Msalaba Mwekundu, ambazo zilitembea kutoka mkono hadi mkono kutafuta waliopotezana, na matangazo ya redio. Radio Maendeleo ilianza hapa Bukavu mwaka wa 1993. Radio Okapi ilianza kusikika nchini Februari 2002. Jina lililosomwa hewani mara moja lilifika mahali ambapo barua ingechukua mwezi.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikaja simu za mkononi za watu wote: Celtel, ambayo leo ni Airtel, halafu Vodacom mwaka wa 2002. Antena zikachipuka juu ya vilima. Lakini hapa ndipo watu wengi wanakosea mpaka leo. Antena ni mlango tu. Inapokea sauti ya simu yako kwa kilomita chache, kisha inapaswa kuipeleka mbele, mpaka kwenye mitambo ya kampuni, mpaka Kinshasa, mpaka Ulaya. Siku zile sauti iliruka kwa mawimbi kutoka kilima hadi kilima, ama ilirushwa kwenye satelaiti iliyo juu kwa takriban kilomita 36,000. Ikipanda na kushuka, kisha jibu likipanda na kushuka, nusu sekunde imekwisha. Ndiyo sababu ulipomwita ndugu aliye Brussels mlikuwa mnagongana kwa maneno: kila mmoja alidhani mwenzake amenyamaza.

Namna mwanga ulivyofungwa

Hamu ya kupeleka habari kwa mwanga ni ya zamani. Mwaka wa 1794, nchini Ufaransa, Claude Chappe alijenga minara kati ya Paris na Lille. Juu ya kila mnara kulikuwa na mikono ya mbao, na mtu mwenye darubini alisoma ishara ya mnara mmoja na kuirudia kwa mnara unaofuata. Ukungu ukishuka, kazi imekwisha. Mwaka wa 1880 Alexander Graham Bell, yule wa simu, pamoja na Charles Sumner Tainter, walituma sauti ya mtu kwa mwali wa jua kwa umbali wa mita 213 mjini Washington. Bell alikithamini chombo kile kuliko simu yenyewe. Lakini wingu likipita, sauti inakatika.

Ilibidi mwanga ufichwe ndani ya kitu. Katika miaka ya 1840, mjini Geneva, Daniel Colladon alikuwa ameonyesha kwamba mwanga ukiingizwa ndani ya maji yanayomwagika unafuata mkunjo wa maji. Kioo kinafanya vilevile. Uzi wa fibri una kioo cha katikati na kioo cha nje cha namna nyingine kidogo; mwanga ukigonga mpaka kati ya vioo hivyo viwili unarudishwa ndani, tena na tena, kama mpira kwenye kichochoro chembamba.

Shida ilikuwa kwamba kioo kilimeza mwanga. Mwaka wa 1966 Charles Kao, aliyezaliwa Shanghai, na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi Harlow nchini Uingereza, walionyesha kwamba lawama si ya kioo, ni ya uchafu ulio ndani ya kioo. Walisema: tukipata kioo safi kiasi kwamba sehemu 1 kati ya 100 ya mwanga inabaki baada ya kilomita 1, simu za dunia zinaweza kupita humo. Mwaka wa 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kampuni ya Corning nchini Marekani walivuka kiwango hicho. Leo, katika fibri nzuri, sehemu 95 kati ya 100 zinabaki baada ya kilomita 1, na nusu ya mwanga bado iko hai baada ya kilomita 15.

Mwaka huohuo wa 1970 kilipatikana kitu cha pili kilichokosekana: leza ndogo kama chembe ya mchanga, inayoweza kuwaka mfululizo bila kupozwa kwa barafu. Waliifikia karibu wakati mmoja, timu ya Zhores Alferov kule Leningrad, na Izuo Hayashi pamoja na Morton Panish nchini Marekani. Sasa kulikuwa na bomba na kulikuwa na taa. Mwezi wa Desemba 1988 kebo ya kwanza ya kioo kuvuka bahari ya Atlantiki, iliyoitwa TAT-8, ilifunguliwa. Iliweza kubeba mazungumzo 40,000 ya simu kwa wakati mmoja.

Kikopo kidogo kwenye ncha

Tufike sasa kwenye kikopo chenyewe. Mafundi wanakiita moduli ya mwanga. Ukipata nafasi ya kuingia katika chumba cha mitambo cha kampuni ya simu, utaviona vimechomekwa kwa safu, na kutoka kila kimoja hutoka waya mwembamba, mara nyingi wa rangi ya manjano.

Ndani yake mna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni leza: inapokea umeme kutoka mashine na kuugeuza kuwa mwanga unaowaka na kuzimika. Kuwaka ni 1, kuzimika ni 0, na kila sauti, picha na hesabu ya pesa imeandikwa kwa 1 na 0 hizo. Cha pili ni jicho: kipande kinachopokea mwanga kutoka upande mwingine na kuurudisha kuwa umeme. Leza ni mdomo, jicho ni sikio. Kila uzi unahitaji mdomo na sikio huku, na mdomo na sikio kule. Ukiwa na fibri nzuri ya kilomita 100 lakini moduli ya upande mmoja imekufa, una kioo kilichofukiwa ardhini, basi.

Moduli ya kawaida inawaka na kuzimika mara bilioni 1 kwa sekunde. Zile za kubeba mzigo mkubwa hupitisha biti bilioni 10 ama bilioni 100, na siku hizi kuna za bilioni 400 na zaidi. Mwanga wake macho hayauoni, maana urefu wa wimbi lake, nanometa 1,310 ama 1,550, uko nje ya rangi za upinde wa mvua. Kwa hiyo wazazi, mkikuta fibri imekatika njiani, msiruhusu mtoto achungulie ncha yake. Hataona kitu, lakini jicho linaweza kuumia.

Zamani kifaa hiki kilikuwa kadi kubwa ndani ya kabati, na kila kampuni ilitengeneza ya kwake. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walikubaliana juu ya umbo moja, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja umbo dogo linaloitwa SFP, linaloweza kuchomolewa na kuchomekwa bila kuzima mashine. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini kwa mji kama wetu yalikuwa makubwa. Fundi anaweza kupanda pikipiki na moduli kumi ndani ya mfuko wa koti. Iliyokufa inatoka, nyingine inaingia, na mtaa mzima unarudi hewani.

Kila moduli ina umbali wake. Kuna ya kilomita 10, ya 40, ya 80. Kutoka Bukavu mpaka Kavumu ni takriban kilomita 30, moduli ya 40 inatosha. Kwenda Uvira ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo mwanga unahitaji kituo cha kuutia nguvu njiani. Tangu mwaka wa 1987, kwa kazi ya David Payne na wenzake wa Southampton nchini Uingereza, inawezekana kuutia nguvu ukiwa bado mwanga, bila kuugeuza umeme kwanza. Mafundi pia walijifunza kupitisha rangi nyingi katika uzi mmoja, kila rangi na moduli yake, kama malori mengi kwenye barabara moja bila kugongana.

Bahari mbili

Mwaka wa 2009 Charles Kao alipewa zawadi ya Nobel. Mwaka huohuo mwanga wake ulifika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kebo ya TEAMS ilifika Mombasa ikitokea Fujairah, katika Falme za Kiarabu, na mwezi wa Julai SEACOM ikafunguliwa, ikigusa Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Watu wa pwani walikuwa wamewahi kuunganishwa kwa waya wa bahari mwaka wa 1879, wakati kebo ya telegrafu kutoka Aden ilipofika Zanzibar. Iliwabidi wangoje miaka 130 mpaka ya kioo.

Ndugu zetu wa Tanzania waliita mtandao wao wa nchi kavu mkongo wa taifa, jina lisilo na uhusiano wowote na Kongo yetu. Fibri ikapanda kutoka pwani kupitia Kenya na Uganda, na kupitia Tanzania, mpaka Rwanda. Kwa mji ulio mpakani kama wetu, hapo ndipo bahari ilipo karibu zaidi kwa njia ya kioo: ukipima barabara kupitia Nairobi, Kampala na Kigali, Mombasa iko takriban kilomita 1,900 kutoka Ruzizi. Mwanga ndani ya kioo hutembea karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari hiyo yote haimalizi hata sehemu 1 ya 100 ya sekunde.

Upande wa magharibi tuna bahari yetu wenyewe kule Muanda. Kebo ya WACS, yenye urefu wa takriban kilomita 14,500 kutoka Afrika Kusini mpaka Uingereza, ilianza kuhudumia nchi yetu mwaka wa 2013. Ilikuwa kebo ya kwanza ya bahari ya kioo kwa Kongo. Lakini kutoka Kinshasa mpaka Bukavu, hata ndege akiruka moja kwa moja, ni kilomita 1,500 za msitu, mito na barabara zisizokwisha matope. Mwezi wa Julai 2021 kampuni ya Liquid na ile ya Facebook zilitangaza mradi wa kuvuta fibri ya kilomita 2,000 kutoka Atlantiki kupitia msitu, kuelekea Rwanda na Uganda. Ni kusema kwamba mpaka juzi tu, kuunganisha mashariki na magharibi ya nchi hii kwa kioo kulikuwa bado mpango wa kutangazwa magazetini.

Mto ulipokata kebo

Mtu angesema: bahari mbili, basi tuko salama. Historia inasema hapana.

Mwezi wa Desemba 2019 mto Kongo ulifurika kuliko miaka mingi iliyotangulia. Chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto, kuna bonde kubwa lililochimbwa na mto wenyewe. Kati ya Januari 2020 matope yaliyorundikana pale yaliporomoka, yakakimbia chini ya maji zaidi ya kilomita 1,100, yakakata kebo ya WACS na ile ya SAT-3. Tarehe 6 Agosti 2023 mambo yakarudia: mporomoko katika bonde hilohilo, kebo zilezile mbili, na meli ya matengenezo Léon Thévenin ikatoka Cape Town kwenda kuunga. Kazi iliisha Septemba.

Sisi wa Bukavu tunajua mporomoko ni nini. Tunauona kila msimu wa mvua kwenye miteremko ya Kadutu. Na tukumbuke kwamba maji ya ziwa Kivu yanashuka kwa Ruzizi mpaka Tanganyika, kutoka Tanganyika kwa Lukuga mpaka Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo. Maji yanayopita chini ya daraja letu yanaishia kwenye bonde lile.

Mashariki nako kulikatika. Mwezi wa Februari 2024 kebo tatu zilikatwa katika bahari ya Shamu, SEACOM ikiwa mojawapo, wakati nanga ya meli Rubymar iliyoshambuliwa ilipoburutwa chini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na nchi za Afrika ya Mashariki zikalala na rezo nzito. Vita vya Yemen, matope ya Kongo, nanga ya meli: mambo ya mbali yanakuja kukaa katika simu ya mama anayengoja ujumbe huko Panzi.

Mwanga ulipowaka na njia ikafungwa

Kuna kukatika kwa namna nyingine. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa amri ya serikali, na haikurudi mpaka mnamo tarehe 20 Januari 2019. Siku zile leza zilikuwa zinawaka. Nyuzi zilikuwa nzima. Mtu mmoja ofisini alitoa amri, na mwanga ukawa hauna pa kwenda. Wakaaji wa miji ya mpakani walitafuta kadi za simu za nchi jirani, walio mbali na mpaka wakakaa gizani.

Halafu ikaja 2025. Mwishoni mwa Januari M23 ilichukua Goma, na katikati ya Februari ikaingia Bukavu. Mabenki yalifunga milango. Familia nyingi zilikimbilia Uvira na Burundi. Katika mji usio na benki, pesa zilibaki ndani ya simu: M-Pesa, ambayo Vodacom iliileta nchini mwaka wa 2012, Airtel Money na Orange Money. Hapo kila mtu alielewa uzi wa kioo ni kitu gani. Siku rezo inaposhikika, mtoto aliye Kinshasa anatuma dola 20, mama anakwenda kwa kabini, jioni kuna unga. Siku rezo inapokatika, dola 20 ziko, unga uko sokoni, na watoto wanalala njaa kati ya hivyo viwili.

Na kuunga fibri wakati wa vita ni kazi nyingine. Fundi ana mashine inayotuma mwali mfupi ndani ya uzi na kupima mwangwi unaorudi. Inamwonyesha mahali palipokatika, ikikosea kwa mita chache tu. Ana mashine nyingine inayoyeyusha ncha mbili za kioo kwa cheche na kuziunganisha. Kazi ya mikono haichukui siku nzima. Lakini hakuna mashine inayofungua bariyeri barabarani. Fundi akikataliwa kupita, kilomita 5 zinakuwa ndefu kuliko kebo ya Ulaya.

Umeme nao una neno. Moduli moja ya kawaida inakula takriban wati 1, pungufu ya taa ndogo kabisa ya nyumbani. Lakini kabati inamokaa, mashine zake na antena vinahitaji umeme mwingi zaidi, na sisi tunaijua delestaji ya SNEL, ijapokuwa mabwawa ya Ruzizi yako hapa mlangoni. Betri zikiisha na mafuta ya jenereta yakikwama njiani, leza inazimika ijapokuwa kioo ni kizima.

Madini yetu yamo humo

Kuna jambo moja la kusikitisha na la kutia moyo kwa pamoja. Wale wa Corning, mwaka wa 1972, waliboresha kioo chao kwa kutia germaniumu kidogo katikati ya uzi, na mpaka leo hivyo ndivyo fibri nyingi za dunia zinatengenezwa. Nchi yetu inayo germaniumu. Oktoba 2024 kiwanda cha STL cha Lubumbashi, kilicho chini ya Gécamines, kilipeleka mzigo wake wa kwanza kwa kampuni ya Umicore nchini Ubelgiji. Inatolewa katika rundo kubwa la mabaki ya kuyeyusha madini, lile kilima cheusi ambacho kila mgeni wa Lubumbashi anakiona. Ndani ya moduli, vipande vinashikishwa kwa bati, na meno yake ya kuchomekea yanapakwa dhahabu. Kivu Kusini inachimba bati na dhahabu.

Kwa hiyo mwanga huu si mgeni kabisa kwetu. Vitu vya ardhi yetu vimo katika mashine za namna hii duniani, nasi tunanunua mega kwa bei ghali.

Tunachoweza kudai, na tunachoweza kufanya

Wengine watasema satelaiti mpya zitatuokoa. Ni kweli Starlink, iliyokatazwa nchini Machi 2024, ilipewa ruhusa Mei 2025, na satelaiti zake ziko chini, takriban kilomita 550, kwa hiyo hazina ule ucheleweshaji wa zamani. Hata zenyewe zinasemezana huko juu kwa leza, moduli za mwanga zisizo na uzi. Lakini sahani yake ina bei, na familia iliyolala kanisani ama darasani haiwezi kuinunua. Kwa watu wengi njia itabaki antena ya kilimani na kioo kilicho chini yake.

Kwa hiyo tujue cha kudai, yeyote anayetawala mahali tulipo. Kwanza, njia zaidi ya moja: mji wenye njia moja ya kioo unakatika kwa jembe moja. Pili, umeme wa uhakika kwenye ncha, maana hapo ndipo moduli zinapokufa. Tatu, fundi wa fibri apitishwe kwenye bariyeri kama anavyopitishwa daktari, kwa sababu anakwenda kuponya watu wengi kwa mara moja.

Nasi wakaaji tuna sehemu yetu. Anayechimba msingi ama mfereji aulize kwanza kama kuna bomba la fibri pale. Na vijana wanaokata kebo wakitafuta shaba wajue: ndani ya uzi wa fibri hamna shaba. Mna kioo kisichonunuliwa na mtu, na nyuma ya kioo kuna mitaa mizima inayongoja pesa na habari.

Mwisho ni neno kwa familia zilizotawanyika. Patanani siku na saa ya kuitana, ili simu zisizimwe ovyo na moto wa betri udumu. Rezo ikiwa nzito, tumieni meseji fupi kabla ya kutafuta sauti, maana huhitaji nafasi ndogo sana. Ikikatika kabisa, mkumbuke kwamba redio ya FM haihitaji fibri kukufikia, na jina la mtu anayetafutwa bado linaweza kusomwa hewani. Na leo hii, kabla ya jioni, andikeni namba za watu wenu kwenye karatasi, mshone karatasi hiyo ndani ya nguo ya kila mtoto. Simu isiyo na rezo bado inaonyesha namba, lakini simu isiyo na moto haionyeshi kitu.